Namba ya shasi haifanani na karatasi: mwongozo kamili wa kusahihisha kosa la muuzaji wa gari, Lubumbashi

Kwenye chuma cha gari langu kuna 8. Kwenye karatasi nilizopewa na muuzaji paliandikwa 3. Ni tarakimu moja tu, ya pili kutoka mwisho, nami nilitembea nayo miezi minne bila kujua, nikipita njia panda ya Carrefour asubuhi na jioni, hadi siku rulaji mmoja, polisi wa barabarani, alipoinama dirishani na kuniambia kwa upole: "Papa, fungula kapo kidogo." Nikafungua kapo, yaani boneti. Akasoma namba, akarudia kusoma, akanitazama. "Papa, hii nemero ya ku mutoka haiko ile ya ku karte roze. Hii mutoka ni ya nani?"

Karte roze ndiyo kadi ya usajili wa gari. Sikuwa na jibu. Gari nililinunua kwa pesa zangu, mchana, mbele ya mashahidi, kwa mtu mwenye parkingi na bango mlangoni. Lakini kwa karatasi, gari nililolikalia halikuwa langu, na lile lililokuwa langu halikuwepo popote. Serikali hailijui gari kwa rangi yake wala kwa sura ya mwenye kuliendesha. Inalijua kwa namba.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye pale nilipokuwa: ameshalipa, gari liko uani, na karatasi zina kosa ambalo si yeye aliyelifanya. Nitaeleza pia mahali nilipopoteza wiki tatu nzima, kwa sababu nilianza kusahihisha karatasi ya mwisho wakati kosa lilikuwa kwenye karatasi ya nyuma yake.

Soma chuma kwanza

Usianze na karatasi. Anza na gari lenyewe, mchana, mahali penye mwanga, ukiwa na mtu wa pili.

Magari mengi tunayonunua hapa yalitembea kwanza Ujapani, yakashuka bandarini Dar es Salaam, yakapitia Tunduma, yakakata Zambia na kuingia Kasumbalesa. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya barabara za Ujapani halina namba ile ndefu ya alama 17. Lina namba fupi: alama ya modeli, kistari, kisha tarakimu. Toyota IST ya injini ndogo, kwa mfano, huanza na NCP60, ukifuata kistari na tarakimu saba. Gari lililotengenezwa kwa soko la Ulaya, Marekani au Afrika Kusini lina alama 17 kamili, na ndani yake herufi I, O na Q hazitumiki kamwe, ili zisichanganywe na 1 na 0. Kwa hiyo ukiona herufi O ndani ya namba ya alama 17 kwenye karatasi yako, kosa umeshalipata: ni sifuri. Karani aliandika alichokisikia.

Namba halisi ni ile iliyopigwa ndani ya chuma, si ile ya kibandiko wala ya kibati kilichofungwa kwa ribiti. Kwenye Toyota ndogo nyingi utaikuta ukifungua kapo, kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na mahali pa kukaa. Kwenye Hilux na Land Cruiser iko kwenye mhimili wa shasi, upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Itabidi upige magoti. Kwenye pikipiki iko shingoni, chini ya usukani. Kama kuna vumbi na mafuta, futa kwa kitambaa chenye petroli kidogo. Usitumie msasa, brashi ya waya wala bisibisi. Alama ya kukwaruzwa juu ya namba ya shasi, hata kama ulikuwa unasafisha tu, kwa macho ya polisi ni alama ya mtu aliyetaka kuifuta.

Sasa mtu wa pili ashike karatasi, wewe usome chuma kwa sauti, alama moja moja. Mkimaliza, soma tena kutoka mwisho kurudi mwanzo. Usiruke hatua hii. Jicho linalosoma kutoka mbele huona linachokitegemea. Mimi mwenyewe nililinganisha namba zile siku ya kununua, nikaona zinafanana. Kutoka nyuma huwezi kudanganyika kirahisi hivyo. Kisha piga picha mbili: moja ya karibu, namba ikisomeka yote, na moja ya mbali kidogo ili ionekane iko kwenye gari gani. Na kama unaweza, weka karatasi nyembamba juu ya namba na usugue kwa penseli uliyoilaza. Namba itatokea yenyewe kwenye karatasi, na ofisi nyingi huiamini alama hiyo kuliko picha ya simu.

Fanya hivyo hivyo kwa namba ya injini. Injini za mitumba hubadilishwa sana hapa kwetu, kwa hiyo tofauti ya injini ina maana nyingine kabisa na tofauti ya shasi: mara nyingi inataka tu fakture (ankara) ya injini iliyonunuliwa na kuandikishwa kwake. Hilo ni jambo la siku nyingine. Hapa tunashughulika na shasi.

Je, ni kosa kweli?

Kabla ya kupiga simu kwa yeyote, jiulize swali hili kwa moyo mgumu. Kosa la karani lina sura yake. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, 47 ikawa 74. Alama moja imeandikwa kama ndugu yake wa karibu: 3 na 8, 5 na S, 1 na 7, B na 8. Au tarakimu moja imerukwa, namba ikawa fupi kuliko inavyotakiwa. Kosa la namna hiyo linasahihishwa.

Lakini kama namba nzima ni tofauti, kama karatasi zinasema NZE na chuma kinasema NCP, kama chuma kinachozunguka namba kimechomelewa, kina rangi mpya, au tarakimu zake hazikai mstari mmoja, basi hilo si kosa la kuandika. Kuna magari yaliyoibwa Afrika Kusini na nchi nyingine za kusini yanayopandishwa huku, na polisi wa ukanda huu pamoja na Interpol huyatafuta kwa namba hizo hizo. Gari la namna hiyo usiliendeshe tena, usiliuze, usimrudishie muuzaji kimyakimya. Tafuta avoka (wakili) kwanza, kisha mwende pamoja polisi au parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, mkiwa na karatasi zote. Mtu aliyenunua bila kujua ana kinga ya nia njema. Siku alipojua akaendelea kunyamaza, kinga hiyo inaanza kumtoka. Sehemu iliyobaki ya mwongozo huu si yako.

Panga karatasi kwa umri wake

Hapa ndipo nilipopoteza wiki tatu. Nilichukua karte roze yenye kosa nikakimbilia DGI, ofisi ya kodi inayotoa karte hizo, nikasimama kwenye foleni, nikaomba waibadilishe. Mama aliyekuwa dirishani alinisikiliza hadi mwisho, akafungua faili langu, akanionyesha kwa kidole. "Papa, sisi tunaandika kile walichotutumia. Angalia ya duane, nayo iko na 3. Rudia kule kwanza." Alikuwa na haki. Kama angenipa karte mpya yenye 8 wakati karatasi ya duane, yaani forodha, ina 3, ningetoka pale na kosa jipya badala ya lile la zamani.

Karatasi za gari ni kama ukoo: kila moja imezaliwa na nyingine. Zitandaze mezani, ya zamani kabisa kushoto, ya mwisho kulia. Kwa gari lililotoka Ujapani, ya kwanza ni cheti cha kulifuta kwenye usajili wa huko ili lisafirishwe nje. Ya pili ni konesema, karatasi ya kampuni ya meli. Kisha karatasi za kupitisha mzigo Tanzania na Zambia. Kisha za Kongo: cheti cha OCC (ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa), deklarasyo ya duane pamoja na risiti ya malipo yake, na hati ya kutoa mzigo. Kisha fakture au hati ya mauzo kutoka kwa muuzaji kwenda kwako. Kisha karte roze na plaki (kibao cha namba). Mwishoni asiransi (bima), vinyeti (kodi ya gari) na kontrole teknike (ukaguzi wa ubora wa gari).

Chukua kalamu ya rangi, na kwenye fotokopi, si kwenye karatasi halisi, zungushia namba ya shasi kwenye kila moja. Tembea kutoka kushoto kwenda kulia. Karatasi ya kwanza yenye namba mbaya ndiyo mama wa kosa. Kwangu mimi cheti cha Ujapani kilikuwa sahihi, konesema sahihi, karatasi za kupitia Zambia sahihi. Kosa lilitokea Kasumbalesa, kwenye deklarasyo. Zote zilizofuata ziliirithi ile 3.

Labda utaniambia: mimi sina karatasi hizo zote, muuzaji alinipa tatu tu. Ndivyo ilivyo kwa wengi wetu. Basi kazi yako ya kwanza kwa muuzaji ni kumdai nakala ya zilizobaki. Hasa cheti cha Ujapani na konesema, kwa sababu ziliandikwa kabla gari halijafika mikononi mwa watu wa huku, nazo ndizo ushahidi wako mkubwa kwamba namba ya kwenye chuma ndiyo ya asili. Muuzaji akisema zimepotea, aliyeagiza gari anaweza kumwandikia muuzaji wa Ujapani. Makampuni yanayouza magari huko huwatumia wateja nakala za karatasi hizo kwa njia ya intaneti, na nakala hizo hubaki kwenye barua pepe zao.

Nani arekebishe nini

Kanuni ni moja: karatasi inasahihishwa na yule aliyeiandika, au na ofisi iliyoitoa, kwa maombi ya aliyeiwasilisha. Ukiikamata kanuni hii, hutapoteza pesa kwa watu wa milangoni.

Kama kosa limezaliwa kwenye fakture ya muuzaji peke yake na karatasi zote za nyuma ni sahihi, umepona. Muuzaji anafuta fakture ile na kukutolea mpya yenye tarehe ya siku ya kusahihisha, inayotaja namba ya fakture ya zamani na kusema wazi kwamba inaichukulia nafasi. Isiwe na tarehe ya nyuma. Fakture mbili za tarehe moja zenye namba mbili tofauti za shasi ni mtego. Anayezikuta hawezi kujua ipi ya kweli. Hakikisha juu ya fakture mpya kuna jina la biashara, namba ya RCCM (daftari la biashara) na namba yake ya kodi, sahihi na muhuri. Kama mlifanya hati ya mauzo mbele ya notere, ofisa anayethibitisha hati, hati hiyo nayo irekebishwe mbele ya notere, wote wawili mkiwepo.

Kama limezaliwa kwenye konesema, anayerekebisha ni kampuni ya meli kupitia wakala wake, na anayeomba ni yule aliyeagiza gari. Hutaweza kulifanya hili wewe mwenyewe. Mwachie muuzaji mzigo huo, kwa maandishi.

Kama limezaliwa duane, kama langu, mtu wa kutafuta ni deklaran, yaani wakala wa forodha. DGDA, ndiyo ofisi ya duane (wazee wengine bado wanaiita OFIDA, jina lake la zamani), hupokea deklarasyo kwenye kompyuta, katika programu ya Sidonia, kutoka kwa deklaran mwenye kibali. Kosa la kuandika linabeba jina lake, na maombi ya kusahihisha yanapaswa kutoka kwake. Faili lake liwe na barua ya maombi, nakala ya deklarasyo yenye kosa, risiti ya ushuru uliolipwa, cheti cha Ujapani, konesema, na ushahidi wa namba ya kwenye chuma. Hapo ndipo picha na karatasi yako ya penseli zinapofanya kazi. Wakitaka kuliona gari, lipeleke bila kusita. Ofisa akilisoma mwenyewe na kuandika ripoti yenye sahihi na muhuri, karatasi hiyo itakufungulia milango yote inayofuata. Omba nakala yake siku ile ile.

Swali ambalo watu wanaliogopa: je, nitalipishwa ushuru mara ya pili? Ushuru ulihesabiwa kwa thamani ya gari. Tarakimu ya shasi ikibadilika lakini modeli, mwaka na injini zikabaki zile zile, thamani haijaguswa. Ndiyo maana barua ya maombi lazima iseme wazi kwamba kinachobadilika ni alama moja ya shasi na si kitu kingine, na itaje namba na tarehe ya risiti iliyolipwa. Ila kama kosa liko kwenye mwaka wa kutengenezwa au ukubwa wa injini, hesabu yenyewe inaweza kufunguliwa upya. Hapo usiende bila kukubaliana kwanza na muuzaji, kwa maandishi, nani atalipa tofauti ikitokea.

Namna ya kumwendea muuzaji

Nenda mwenyewe mara ya kwanza, bila kelele. Muuzaji wangu hakuwa mtu mbaya. Aliniketisha, akaniagizia maji, akasema: "Yaya, hiyo ni kitu kidogo. Kuna kijana wa Kasumbalesa, tunamupatia kitu, analeta karte ingine." Nilimshukuru kwa maji, nikakataa yule kijana. Karte roze iliyotoka njia ya mlango wa nyuma haina mama nyuma yake. Siku mtu akiitafuta kwenye faili la ofisi haitaonekana, na jina lililoandikwa juu yake ni langu, si la yule kijana. Kifungu cha 124 cha kanuni ya adhabu ya Kongo kinahusu kughushi maandishi, na kifungu cha 126 kinamhusu anayetumia karatasi ya kughushi. Anayeitumia ni anayeendesha.

Kuna aliyenishauri vibaya zaidi: "piga tu ile 3 kwa shasi, yote ifanane." Sikiliza vizuri, ndugu yangu. Kosa la kwenye karatasi ni la mtu mwingine na linatibika. Ukigusa chuma, kosa linakuwa lako na halitibiki tena. Gari lililopigwa namba upya haliaminiki hata ukilirudisha namba yake ya kweli.

Mwambie muuzaji mambo matatu: namba ya kwenye chuma ni hii, ya kwenye karatasi ni hii, kosa lilizaliwa kwenye karatasi hii hapa. Mpe fotokopi ulizozizungushia. Mwombe ataje siku. Ukitoka hapo, hata kama amekuahidi kwa mdomo na mmeagana kwa kucheka, andika barua. Si kwa sababu humwamini. Miezi miwili baadaye hakuna atakayekumbuka mlisema nini, na karani wa duane hawezi kulisoma neno la mdomo.

Barua iwe fupi. Ofisi zetu zinafanya kazi kwa Kifaransa, kwa hiyo iandikishe kwa Kifaransa, lakini maana yake iwe hii:

"Tarehe fulani nilinunua kwako gari la aina fulani, kwa fakture namba fulani, kwa bei fulani. Namba ya shasi iliyopigwa kwenye gari ni hii. Namba iliyo kwenye karatasi ulizonikabidhi ni hii. Tofauti ni alama moja, na kosa linaonekana kwa mara ya kwanza kwenye deklarasyo ya duane ya tarehe fulani. Nakuomba usahihishe karatasi hizo kwa gharama yako, na unikabidhi zilizosahihishwa kabla ya tarehe fulani. Hadi hapo naomba unipe barua inayoeleza kosa hili, yenye sahihi na muhuri wako. Nimeambatanisha nakala."

Chapisha nakala mbili. Abaki na moja. Nyingine aiandikie neno la kuipokea, tarehe, sahihi na muhuri, urudi nayo. Akikataa kusaini, mtume wisiye, mpeleka hati wa mahakama, ampelekee. Wisiye ataandika kwamba alimkabidhi, na hiyo inatosha.

Ile barua ya muuzaji inayoeleza kosa ina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Haiifanyi karte roze mbaya kuwa nzuri. Lakini rulaji akikusimamisha, unamwonyesha kwamba kosa linajulikana, muuzaji amelikubali na marekebisho yamekwisha kuombwa. Mimi niliibeba ndani ya plastiki pamoja na fotokopi ya barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa duane. Nilisimamishwa mara mbili tena. Mara zote mbili nilieleza, wakasoma, nikaendelea. Hata hivyo nilipunguza safari hadi zile za lazima, na Zambia sikuthubutu kwenda. Mpakani wanaandika namba ya shasi yako kwenye karatasi zao za kuingia kwa muda, na kadi ya njano ya COMESA, bima ya kuvuka mipaka, nayo inaibeba. Kuingia Chililabombwe na namba isiyo ya gari lako ni kulipeleka kosa lako kwenye kompyuta za nchi nyingine.

Baada ya duane

Mama wa kosa akishapona, watoto wake hufuata kwa utaratibu. Usiruke hata mmoja.

Kwanza fakture na hati ya mauzo. Kisha DGI kwa karte roze: peleka karatasi ya duane iliyosahihishwa, fakture mpya, ripoti ya kukaguliwa kwa gari, kitambulisho chako na karte roze ya zamani. Chochote utakachoambiwa kulipa, omba nota yake iliyoandikwa, ulipe benki na ubaki na bodero, risiti ya benki. Karte ya zamani usiiache hivi hivi. Kabla ya kuirudisha, itoe fotokopi, na omba waandike kwenye nakala hiyo kwamba imebadilishwa.

Kisha asiransi. Bima ya dhara kwa watu wengine ni ya lazima kwetu tangu sheria ya 1973, na mkataba wako, uwe wa SONAS, shirika la bima la serikali, au wa kampuni nyingine kati ya zile zilizoingia baada ya kanuni mpya ya bima ya 2015, umelitaja gari kwa namba ya shasi. Usingoje mkataba uishe. Nenda ukaombe nyongeza ya kusahihisha, wao wanaiita avena. Ukigonga mtu leo na mkataba wako unataja gari lingine, familia ya aliyeumia ndiyo itakayobishana na kampuni, na wewe utakuwa katikati. Jambo hili lilinikosesha usingizi kuliko rulaji wote wa Lubumbashi. Kama ningelijua mapema, ningeiarifu kampuni ya bima kwa barua siku ile ile nilipogundua kosa, bila kungoja duane imalize.

Vinyeti ni ya jimbo, inatolewa na DRHKAT, ofisi ya mapato ya Haut-Katanga, jimbo lililotokana na kugawanywa kwa Katanga mwaka 2015. Angalia pia nguvu ya injini iliyoandikwa, kwa sababu kodi ya magari ya kubeba watu inafuata nguvu hiyo. Kontrole teknike ndiyo ya mwisho na ndiyo rahisi.

Kosa la jina

Wengi walioniuliza habari hizi hawakuwa na kosa la shasi bali la jina. Tunaandikwa majina matatu, jina, posnomu (jina linalofuata) na prenomu (jina la ubatizo), na deklaran au muuzaji huyapanga anavyotaka. Mwamba anakuwa Muamba, Ilunga anaondolewa, prenomu inahamia mbele. Usidharau. Njia ni ile ile ya kutafuta karatasi ya kwanza yenye kosa, ila hapa chuma chako ni kitambulisho. Amua kwanza ni kitambulisho kipi unachokifuata, karte ya kupigia kura au paspoti, na kama hivyo viwili navyo havifanani, rekebisha hicho kabla hujaligusa gari. Kosa la herufi moja ofisi nyingi hulisahihisha kwa barua na nakala ya kitambulisho. Jina zima likiwa la mtu mwingine, labda la mwenye gari wa kabla yako, hilo si kosa la kuandika. Ni karte roze ambayo haijahamishwa, na unachodai kwa muuzaji ni uhamisho kamili, akiwepo yule mtu au hati yake ya mauzo.

Muuzaji akikaa kimya

Siku uliyoitaja ikipita, andika barua ya pili. Hii ibebe juu maneno "mise en demeure", yaani onyo rasmi la kumtaka atimize wajibu wake, na impe siku za mwisho. Sheria iko upande wako, na ni ya zamani: dekreti ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado ndiyo kitabu chetu cha tatu cha sheria ya kiraia, inasema katika kifungu chake cha 33 kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliokubaliana. Muuzaji alikubali kukuuzia gari unaloweza kulitumia. Gari bila karatasi zake hujakabidhiwa lote.

Weka hesabu ya kila ulichotumia kwa sababu ya kosa: fotokopi, safari za Kasumbalesa, wisiye, siku ambazo gari la kazi lilisimama. Kila kimoja na risiti yake. Avoka akiiona hesabu iliyopangwa atajua mara moja kama jambo ni la kwenda mahakamani au la kumalizika kwa simu yake moja. Kwa yaliyo mengi huwa ni simu. Muuzaji mwenye parkingi anaogopa jina lake, na akiona barua mbili zilizopokelewa kwa sahihi yake mwenyewe anaelewa kwamba faili limeshakamilika. Wangu alimlipa deklaran siku ya nne baada ya barua ya pili.

Wakati wote huo usiliuze gari, hata ukipata mnunuzi asiyejali karatasi. Wewe ulikuwa mnunuzi wa kosa hili bila kujua. Ukiuza huku ukijua, unakuwa muuzaji wake.

Na siku utakapopewa karte mpya, usiondoke dirishani. Simama pale pale, toa ile picha ya chuma, soma kutoka nyuma kwenda mbele. Mimi nilifanya hivyo huku watu wakinisukuma mgongoni, na yule mama aliningoja hadi nikamaliza. Namba ya zamani itabaki kwenye kompyuta fulani kwa muda, kwa hiyo usitupe chochote: barua zote, ripoti ya ukaguzi, nakala ya karte iliyobadilishwa, bodero. Zote kwenye faili moja, nyumbani, na fotokopi ya ripoti ndani ya gari. Ukija kuliuza, mpe mnunuzi nakala ya faili lote, kisha mwinue kapo pamoja asome namba yeye mwenyewe, kabla hamjaanza kuhesabu pesa.